Nilivyoiandaa tarehe 4 Julai kwa ajili ya kusomwa

Tarehe niliyopewa ilikuwa 4 Julai, na sharti lilikuwa moja: maelezo yasomwe kwa sauti na yasizidi dakika kumi. Kikundi chetu cha wapenda historia kina utaratibu huo. Mtu hupewa siku moja ya kalenda, akakusanya yaliyotokea siku hiyo katika karne mbalimbali, kisha akaja kuyasoma mbele ya wenzake. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya kunakili tu, maana intaneti imejaa orodha za "siku kama ya leo". Tatizo ni kwamba orodha zenyewe hurundika kila kitu pamoja: vita, mchezaji kuzaliwa, treni kugongana, mfalme kuoa. Msikilizaji akifika jina la tano, la kwanza keshalisahau.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta tukio lolote nilipiga mistari kwenye karatasi nikapata safu nne. Ya kwanza: ni kitu gani hasa kilichotokea siku hiyo? Ya pili: wapi? Ya tatu: saa ngapi, na kwa saa za wapi? Ya nne: tarehe imeandikwa kwa kalenda ipi? Tukio lisilojaza safu ya kwanza sawasawa nililiweka kando, hata liwe maarufu namna gani.

Nilidhani uhuru wa Marekani ungekuwa mstari mwepesi kuliko yote. Kumbe safu ya kwanza ndiyo iliyonikalisha. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa Philadelphia tarehe 2 Julai 1776, si tarehe 4. John Adams, aliyekuwa mstari wa mbele kuipigania kura hiyo, alimwandikia mkewe Abigail kesho yake akimwambia kwamba tarehe 2 Julai ndiyo vizazi vitakayoiadhimisha. Tarehe 4 kilichofanyika ni kupitisha maneno ya Azimio la Uhuru lenyewe, yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Jefferson. Saini nazo? Wajumbe wengi walitia zao tarehe 2 Agosti. Kilichoipa tarehe 4 nguvu ni karatasi: usiku ule mpiga chapa John Dunlap alichapa nakala za kusambazwa, na juu kabisa pameandikwa "July 4, 1776". Watu waliokuwa mbali hawakuiona kura, waliiona tarehe iliyochapwa. Kwenye maelezo yangu niliandika "Azimio lilipitishwa", basi. Neno "kutiwa saini" nililifuta kila nilipolikuta.

Kutoka hapo habari ikajivuta yenyewe. Tarehe 4 Julai 1826, siku Azimio lilipotimiza miaka 50, Jefferson alifariki baada ya adhuhuri nyumbani kwake Monticello, Virginia, akiwa na miaka 83. Jioni ya siku hiyo hiyo Adams naye akafariki Quincy, Massachusetts, akiwa na miaka 90. Miaka mitano baadaye, 4 Julai 1831, James Monroe akafuata. Marais watatu kati ya watano wa mwanzo! James Madison, aliyebaki katikati yao, alifariki 28 Juni 1836, siku sita tu kabla ya 4 Julai. Mimi si mtu wa kuona miujiza kwenye tarakimu za kalenda. Mwaka una siku 365 na historia ina watu wasiohesabika, kwa hiyo migongano ya namna hii lazima itokee mahali fulani. Lakini hii nilijua chumba kizima kitanyamaza kuisikiliza, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Maneno ya mwisho ambayo Adams anadaiwa kuyatamka kuhusu Jefferson sikuyasoma. Yananoga mno, na waliosimulia hawakubaliani.

Safu ya tatu, ile ya saa, ilikuja kunifaa kwa Entebbe. Ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa 27 Juni 1976 baada ya kutua Athens, ikaishia Uganda ya Idi Amin. Wanajeshi wa Israel walikwenda kuwakomboa mateka, zaidi ya 100, wakiwa na ndege nne za Hercules. Sasa ni tarehe 3 au tarehe 4? Ndege ya kwanza iligusa ardhi kama saa tano usiku kwa saa za Israel, kwa hiyo kwao ilikuwa bado tarehe 3. Entebbe iko mbele kwa saa moja: hapo ilikuwa ndiyo saa sita, siku inageuka. Lugha yetu ilinirahisishia. Niliandika "usiku wa kuamkia Jumapili, 4 Julai 1976", na hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Nilitaja pia kwamba kamanda Yonatan Netanyahu aliuawa pale, pamoja na watekaji wenyewe, wanajeshi wa Uganda na baadhi ya mateka, kwa sababu simulizi za uokoaji zina tabia ya kusahau hesabu hiyo.

Kigali ya 1994 niliipa nafasi yake peke yake. Tarehe 4 Julai majeshi ya RPF, chama cha waasi kilichokuwa kikipigana na serikali, yaliuchukua mji huo, na Rwanda huiadhimisha kama Siku ya Ukombozi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza Aprili. Sikutaka habari hiyo ibanwe kati ya chombo cha anga na siku ya kuzaliwa ya mtu, kwa hiyo nilisoma sentensi chache, nikanyamaza kidogo, ndipo nikaendelea. Mpangilio wa miaka kwa kufuatana, ambao kila mtu huutumia, nilikuwa nimeshauvunja tayari. Niliyapanga matukio kwa jinsi yanavyosikika yakifuatana.

Ufilipino nao walinipa kitu ambacho sikuwa nimekitafuta. Marekani iliwakabidhi uhuru 4 Julai 1946, tarehe iliyochaguliwa makusudi ifanane na ya mtawala. Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal aliihamisha sikukuu hadi 12 Juni, siku ambayo Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru kutoka Hispania mwaka 1898. Tukio la 1946 halikufutika, ila maadhimisho yake yalihama. Hapo nilitumia dakika nyingi kuliko nilivyopanga, na sijuti.

Safu ya nne ndiyo iliyonipeleka nyuma zaidi. Wanajimu wa China waliandika kwamba nyota ngeni ilitokea katika siku tunayoihesabu kuwa 4 Julai 1054, ikang'aa kiasi cha kuonekana mchana kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili. Ilikuwa nyota inayolipuka. Mabaki yake bado yanaonekana kwa darubini katika kundi la Taurus na huitwa Nebula ya Kaa. Lakini hiyo 4 Julai ni ya kalenda ya zamani ya Julius. Kwa kalenda tunayoitumia sisi, jua lilikuwa limefika pale ambapo leo tungesema 10 Julai. Wanahistoria hawaibadilishi, nami sikuibadilisha, ila niliwaambia wasikilizaji.

Vita vya Hattin vina shauri hilo hilo na zaidi. Salahuddin aliyashinda majeshi ya wapiganaji wa Msalaba 4 Julai 1187, mwaka 583 Hijria. Miezi mitatu baadaye, 2 Oktoba, Jerusalem ilisalimu amri, na siku hiyo ilikuwa 27 Rajabu, ambayo Waislamu huiadhimisha kama usiku wa Miraji. Anayehesabu kwa Rajabu ataukuta mwaka wake ukirudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo tukio moja lina kumbukumbu mbili zisizokutana ila kwa nadra. Mzee mmoja kwenye kikundi alilishika hili, akataka Jerusalem isomwe tena Rajabu ikifika. Tukakubaliana.

Mengine niliyapitia mbio mbio. Marie Curie alifariki Ufaransa 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi maisha yake yote. Chombo cha Pathfinder kilitua Mars 4 Julai 1997, kikidundadunda juu ya mifuko ya hewa, kikiwa na kigari kidogo cha Sojourner. Calvin Coolidge, rais pekee wa Marekani aliyezaliwa siku hiyo, alizaliwa 1872, nilimtoa. Hana kosa, dakika zilikuwa zinaisha.

Nilimalizia na CERN, maabara ya utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada, karibu na Geneva, 4 Julai 2012, wanasayansi walipotangaza kwamba wamepata chembe mpya inayolingana na ile iliyobashiriwa mwaka 1964. Peter Higgs, mmoja wa waliobashiri, alikuwa ukumbini, mzee wa miaka 83, akionekana akifuta machozi. Kijana mmoja akaniuliza kama nilijua kwamba huo ndio umri aliofia Jefferson. Nilikuwa nimeuona mfanano huo kwenye karatasi yangu, nikauacha kwa makusudi. Yeye alifurahi kuugundua mwenyewe.