Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu Mwenye Maradhi Mawili

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya watoto ili nimeze mapema piridostigimini ya miligramu 60, dawa inayoipa misuli yangu nguvu, kwa kuwa nisipoipa muda wa kufanya kazi mwilini, hupaliwa hata na chai. Nina miasthenia gravisi, ugonjwa wa udhaifu wa misuli, ambao kingamwili zangu huziba na kuharibu vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwa msuli, pale neva inapokutana na msuli. Nina pia ugonjwa wa Graves, ambao kingamwili nyingine huichochea tezi ya thairoidi kupita kiasi, na kwa huo nameza kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo.

Saa 12:15. Kituo cha Kimara Mwisho kimejaa. Ndani ya basi la mwendokasi kijana mmoja ananiambia, "Shikamoo mama, kaa hapa," nami nakaa bila kusita, maana mkono ulioshika bomba hadi Magomeni hauwezi tena kuandika ubaoni.

Saa 2:00. Ngeli za nomino, Kidato cha Pili. Mwalimu wa taaluma alikubali kupanga vipindi vyangu vyote asubuhi, kwa sababu misuli yangu huchoka kadiri inavyotumika. Sauti ikianza kutokea puani, kiongozi wa darasa hunyanyuka mwenyewe na kushika chaki.

Saa 3:00 kidonge cha pili, saa 7:30 cha tatu.

Saa 9:15 alasiri. Napita duka la dawa kwa sababu ya maumivu ya mkojo. Muuzaji ananiletea siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nami namwonyesha karatasi ninayotembea nayo, yenye orodha ya dawa zinazoweza kuzidisha udhaifu wangu, hiyo imo. Ananishauri nikapime mkojo kwanza, na daktari ndiye achague dawa.

Karatasi hiyo ilizaliwa na kosa. Nilipokuwa nikijulikana kuwa na Graves pekee, zahanati moja ilinipa propranololi ya kutuliza mapigo ya moyo, dawa ambayo wagonjwa wengi wa thairoidi huisifu, na ndani ya siku chache kope zikaanguka na chakula kikawa hakishuki. Niliambiwa kwamba ni macho ya thairoidi. Lakini Graves huyatokeza macho na kuivuta kope juu. Kope inayoshuka, tena inayozidi kushuka jioni, ilipaswa kutafutiwa sababu nyingine, na mpaka leo naumia nikikumbuka miezi iliyopotea. Mwenye ugonjwa mmoja wa kinga kujishambulia anaweza kupata wa pili, kwa hiyo dalili ngeni isibebeshwe ugonjwa wa zamani kabla ya kuchunguzwa.

Saa 2:30 usiku. Joto la Dar es Salaam limenimaliza, naona taa mbili palipo na moja. Binti yangu ananiwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho la kushoto, na kope inapanda kidogo. Kisha ananisikiliza nikihesabu kwa pumzi moja, ili tujue kama misuli ya kupumua bado ina nguvu. Tumekubaliana kwamba nisipofika 20 tutakwenda hospitali usiku huohuo.

Leo nimefika 34.