Anayekohoa Kwenye Kanda

Jumamosi nilifungua sanduku la kanda za sauti za Mama Mkubwa, na kabla sijaona chochote pua ilishanipa habari. Siki. Harufu kali, utadhani chupa imepasukia humo ndani. Hakukuwa na chupa yoyote. Ni kanda zenyewe zinaoza.

Nilichukua moja nikaiinua dirishani. Mwanga ukapenya kwenye ile kanda iliyojiviringa, rangi ya asali. Hivyo ndivyo asetati inavyotambulika, plastiki iliyotumika sana kwenye kanda za miaka ya 1950. Za poliesta zilizokuja baadaye hazipitishi mwanga namna hiyo. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi, na asidi hiyohiyo huchochea uozo zaidi. Kanda husinyaa, hujikunja, mwisho hukatika kama jani kavu. Zilizonuka nikazitenga palepale na zile nzima.

Mama Mkubwa alirekodi kanda hizi kutoka redioni mwaka 1959, akiwa na miaka 18. Hakuwa na waya wa kuunganisha mashine ya kurekodia na redio, kwa hiyo aliweka maikrofoni mbele ya spika na kuwaamuru wote nyumbani wanyamaze. Hawakunyamaza. Kiti kinaburutwa, mlango unagongwa, kuna mtoto anakohoa katikati ya wimbo.

Nilipomweleza rafiki yangu ninachofanya, aliniuliza kwa nini najisumbua, maana nyimbo hizo zote ziko intaneti tena zimesafishwa. Ni kweli, nyimbo zipo. Lakini sauti ya mtangazaji akimtania mpiga piano haipo, wala tangazo la sabuni lililoimbwa na watu watatu, wala salamu za wasikilizaji, wala ule ukimya mfupi kabla ya taarifa ya habari. Hayo hakuna aliyeyahifadhi, kwa sababu yalikuwa kila mahali, kila siku. Mimi naamini humo ndimo enzi ilimoishi, kuliko hata kwenye nyimbo zilizopata umaarufu.

Na wenye vituo hawakuwa walinzi wazuri. Kanda za video zilipoingia kazini mwaka 1956 zilikuwa ghali mno, hivyo zikafutwa na kurekodiwa juu yake tena na tena. DuMont, mtandao wa televisheni wa Marekani uliozimika mwaka huohuo, uliacha nakala za filamu za vipindi vyake. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mbele ya jopo la Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba nyingi kati ya hizo zilipakiwa kwenye malori matatu, zikapelekwa kutupwa majini katika ghuba ya New York. Kila nikilikumbuka hilo moyo unaniuma. BBC nayo ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya tamthilia ya Doctor Who. Ila sauti za vipindi vyote vya Doctor Who vilivyopotea zipo hadi leo, kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani mwao kwa mashine zao wenyewe. Yaani kituo kilifuta, mtoto mwenye maikrofoni akahifadhi. Nilipolijua hilo niliacha kuliona sanduku la Mama Mkubwa kuwa kumbukumbu ya familia tu.

Kazi ya kunakili aliifanya fundi anayezijua mashine hizi. Alikataa katakata kuirudisha kanda kwa kasi. Ilipita mara moja, polepole, huku mkono wake ukiwa tayari kwenye swichi. Ilikatika mara mbili, akaiunga. Sasa ninayo nakala kamili, na nyingine mbili katika nyumba tofauti.

Nilidhani nimemaliza. Jana nikampelekea Mama Mkubwa asikilize, nikiwa na daftari, na hapo ndipo nilipoona kwamba nilianzia mwisho. Mashine ilinipa sauti, lakini haikunipa majina. Yeye aliwataja watangazaji kabla hawajajitambulisha. Alijua ni kipindi cha jioni kwa sababu ya muziki wa kufungulia. Alijua kwa nini wasikilizaji walicheka kwenye mzaha ambao mimi nimeusikiliza mara sita bila kuuelewa: yule mpiga piano alikuwa amechelewa wiki nzima, na mji wote ulikuwa unajua. Ana miaka 84. Kanda ningeweza kuiacha mahali pakavu na baridi hata mwaka mwingine.

Kalamu ilikuwa inakimbia. Ulipofika ule wimbo wa tatu, mtoto akakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu. Mama Mkubwa akainua mkono nisimamishe.

"Rudisha hapo, mwanangu."

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyo ni mama yako," akasema. "Alikuwa na miaka sita. Nilimfinya baada ya hapo. Sikiliza, atalia sasa hivi."