Kompyuta zetu mbili hazikuwa na ugonjwa wowote

Kompyuta zetu mbili za nyumbani zilikataa kuonana kwenye mtandao, na kila niliyemwuliza alinijibu neno moja: piga Windows upya. Kijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliyetuuzia kompyuta alisema hivyo, mwalimu mwenzangu wa fizikia akasema hivyo, hata shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kupeleka mizigo Tunduma na Windows sijui kaijulia wapi. Kazi nimeimaliza mwenyewe, kwa hiyo mtanivumilia nijisifu kidogo.

Tunaishi Uyole. Mbele ya nyumba kuna fremu, na humo mama watoto ana steshenari: nakala, barua za maombi, picha za pasipoti. Mimi nafundisha hesabu na mitihani naitungia sebuleni usiku. Printa ya maana iko fremuni. Kiungo kati yetu kilikuwa flashi, na flashi ikishachomekwa kwenye mashine ambayo wanafunzi wa chuo wanaishindilia flashi zao kutwa nzima, inarudi na wageni: folda zote zimegeuka shotikati, ukibofya hakuna kitu. Halafu Julai ya Uyole mnaijua. Kutoka sebuleni kwenda fremuni saa nne usiku ni safari ya koti na kofia ya sufi.

Nilichotaka ni kidogo tu, kompyuta ya sebuleni iione ya fremuni. Intaneti zote mbili zilikuwa nayo. Lakini ukifungua sehemu ya mtandao, kila moja inajiona yenyewe.

Kijana wa Mwanjelwa alikuja, akapiga Windows upya ile ya fremuni, akachukua elfu thelathini na kitu pamoja na nauli ya bodaboda. Fonti zote alizozikusanya mama watoto kwa ajili ya kadi za harusi zikapotea. Kompyuta hazikuonana. Akasema, "Basi mwalimu, itakuwa kadi ya mtandao imekufa." Nikamwuliza, hii intaneti inapitia wapi kama kadi imekufa? Akaangalia simu, kumbe ana mteja mwingine Kabwe.

Video nazo zilinimalizia bando. Moja iliniagiza nitafute HomeGroup, njia ya Windows ya kushea vitu kati ya kompyuta za nyumbani, nikaisaka jioni nzima kumbe Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 tangu 2018. Nyingine ikasema washa SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili mtandaoni. Hapo niligoma. SMB1 ndiyo mlango ambao kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 kikafunga mafaili ya watu dunia nzima, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Ukimsikia mtu anakushauri uiwashe kwenye kompyuta ya biashara, mshukuru na uondoke.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Niliibeba kompyuta ya fremuni mpaka sebuleni, nikazima Wi-Fi kwenye zote mbili, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa waya wa mtandao, bila ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, katikati. Waya niliununua elfu chache tu. Kompyuta ikikosa wa kuipa anwani, yaani namba yake ya mtandaoni, hujipa yenyewe, na anwani hiyo huanza na 169.254. Nikasubiri kidogo, zote zikajipa. Fayawoli, yule mlinzi wa Windows anayezuia wageni wa mtandaoni, nikaizima kwa muda huo tu, maana kwenye waya ule hapakuwa na mtu mwingine. Nikaandika ping, amri ya kubisha hodi kwa kompyuta nyingine, na anwani ya mwenzake. Ikajibu! Nikageuza upande wa pili, ikajibu! Mama watoto akauliza mbona napiga makofi peke yangu. Kompyuta nzima, kadi nzima, Windows nzima. Ugonjwa, popote ulipo, uko katikati.

Nikairudisha fremuni, nikawasha fayawoli, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta, kila upande. Sebuleni: 192.168.100.7. Fremuni: 192.168.0.103. Mwalimu wa hesabu unaziangalia namba hizo ukiwa umesimama na unajua. Mafungu ya tatu, 100 na 0, hayafanani, basi hawa wako mitaa miwili tofauti, kila mtaa na mjumbe wake, na mjumbe wa huku hana orodha ya watu wa kule.

Na wajumbe walikuwa wawili kweli. Ruta ya faiba iko sebuleni, kuta za matofali ya kuchoma zinaimeza Wi-Fi kabla haijafika fremuni, kwa hiyo mpwa wangu alituletea ruta ya pili akaifunga kule. Intaneti ikapita vizuri, nani angeishuku? Kilichonithibitishia ni hiki: kutoka fremuni, ping ya kwenda sebuleni ilijibiwa, ila kutoka sebuleni kwenda fremuni, kimya. Ruta ya pili inaruhusu watu wake watoke, haimruhusu wa nje aingie. Ukiona ping ya upande mmoja, hesabu ruta zako kabla hujamwita fundi.

Dawa yake: ile ya pili iache uruta. Inakabidhi kazi ya kugawa anwani, yaani DHCP, kwa ruta ya faiba, na waya unahama kutoka tundu la WAN, la kupokelea intaneti, kwenda moja ya matundu ya LAN, ya kompyuta za ndani. Kwanza niliipa anwani mpya, 192.168.100.250, baada ya kuhakikisha ruta ya faiba haigawi namba hiyo kwa mtu mwingine. Ikakataa, mpaka nilipoung'oa waya wa WAN. Anwani kwanza, DHCP baadaye, la sivyo utaitafuta ruta yako usiipate.

Zikawa mtaa mmoja, lakini ya fremuni bado ilijificha, kwa sababu Windows ilikuwa imeuweka mtandao wa nyumbani kwenye Public, yaani inauona kama wa ugenini na inajificha. Weka Private, yaani wa nyumbani, washa kushea mafaili na printa. Ila ukienda na laptopu kwenye Wi-Fi ya hoteli, iwe Public.

Ikaja nywila. Ile PIN ya namba nne unayowashia kompyuta haifai hapa, na akaunti isiyo na nywila hairuhusiwi kuingia kwa njia ya mtandao. Nilifungua akaunti nyingine kwenye kompyuta ya fremuni, nikaiita duka, nikaipa nywila, basi.

Umeme ukikatika, na Uyole unakatika, anwani zinaweza kubadilika, kwa hiyo tumia jina la kompyuta badala ya namba. Na ile yenye printa ikatazwe kulala, maana ikilala inatoweka tena na mtu ataanza kulaumu ruta bure. Mitihani sasa naichapa nikiwa nimejifunika blanketi. Mama watoto ameweka daftari pembeni ya printa, na kila karatasi inayotoka usiku inaandikwa deni langu kwa bei ya wateja.