Dar mpaka Ziwa Nyasa, kurudi kwa Kilwa: nenda na milima, rudi na bahari

Ukweni kwangu ni Mbinga, kule Ruvuma karibu na Ziwa Nyasa, na miaka yote safari ya huko kwetu ilikuwa basi la alfajiri, pazia limefungwa, unalala unaamka uko Makambako, unalala tena unaamka Songea. Safari hii tulikuwa na gari na likizo ya kutosha, nikamwambia mke wangu jamani hii nchi tunaivuka kila mwaka na hatujawahi kuiona, mara hii tuchague njia kwa ajili ya macho.

Sasa njia za kwenda Songea siku hizi ziko mbili. Kuna hii ya wengi, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, halafu kuna ya kusini, unavuka Rufiji unapita Lindi, Masasi, Tunduru, Namtumbo unatokea Songea. Zamani hiyo ya Tunduru masika watu walikuwa wanalala njiani kwenye tope, saivi ni lami. Kwa kilomita hazipishani sana, ya Iringa ni kama 950 na ya Lindi inazidi kidogo. Shemeji yangu anaendesha semi za Tunduma ndo akamaliza mjadala, akasema, "Shemeji, kwani nani kakulazimisha kurudi ulikopita? Piga duara. Nenda na milima, urudi na bahari." Akaongeza tuanze na milima maana asubuhi unaelekea magharibi jua liko mgongoni, halikupigi machoni ukiwa Mikumi.

Tukapanga safari kwa sehemu za kulala, sio kwa kilomita. Saa 12 jioni gari iwe imepaki gesti. Barabara ya kwenda Zambia usiku ni taa za malori usoni na wengine wanaovateki kwenye kona, na vitu vyote tulivyokuwa tunavitaka vinahitaji mwanga, ukipita Kitonga gizani umepita tu hujaona kitu.

Siku ya kwanza tulilala Morogoro makusudi ili Mikumi tuipite asubuhi na mapema. Watu wengi hawajui kwamba barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50, hulipi kiingilio kama unapita tu, na ukiwahi unaona swala, nyani, twiga na ukibahatika tembo palepale pembeni. Spidi humo inadhibitiwa na ukigonga mnyama kuna faini, na kusema kweli ndivyo inavyotakiwa, maana hao wanyama wapo kwao sisi ndo wapita njia. Tuliona tembo na watoto wao wanavuka, malori pande zote mbili yamesimama yametulia, hakuna aliyepiga honi. Nililipenda sana lile jambo.

Baada ya Mikumi mji unaingia bonde la mibuyu, mibuyu na mibuyu mpaka Ruaha Mbuyuni, mto Ruaha Mkuu uko pembeni yako, na hapo Mbuyuni vitunguu vimepangwa kandokando ya barabara vyekundu vinang'aa. Nunua ukiwa unarudi kama unarudi njia hiyohiyo, sisi tulikuwa haturudi kwahiyo tukapakia vya kupeleka ukweni. Halafu ndo Kitonga. Hapa niseme kwa herufi kubwa, KITONGA PANDA ASUBUHI. Mlima umechongwa barabara ubavuni, kona zimebana, malori ya mizigo ya Zambia na Congo yanapanda kwa gia ya kwanza, na aliyeko nyuma akikosa subira ndo ajali zinapotokea. Sisi tulikaa nyuma ya lori taratibu mpaka juu na kwa mwendo ule bonde lote unalitazama kwa nafasi, korongo linashuka huko chini mpaka unapata baridi tumboni.

Kabla ya Iringa mjini kuna Lugalo. Mabasi yanapita hapo kila siku na abiria hawainui hata kichwa. Ndo pale tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilivamia jeshi la Wajerumani lililokuwa linaongozwa na Zelewski, wakaliangamiza na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Kuna mnara, nao ni wa kuwakumbuka Wajerumani. Tulisimama, mke wangu akausoma akanyamaza kidogo afu akauliza, "Na wa kwetu waliokufa hapa wako wapi?" Mimi swali hilo lilinikaa mpaka mwisho wa safari na ndo lililoibadilisha safari yenyewe kama nitakavyosema.

Iringa tulikaa usiku zaidi ya mmoja. Kalenga iko kama kilomita 15 hivi kutoka mjini, ndo ilikuwa ngome ya Mkwawa, na humo makumbusho kuna fuvu lake. Alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa kikapelekwa Ujerumani, na suala la kukirudisha likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ila kilirudi 1954. Kusoma hayo shuleni ni kitu kimoja, kusimama mbele ya kile kisanduku cha kioo ni kingine kabisa. Halafu Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini barabara ya kwenda Mbeya, korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na zana za mawe za watu wa kale zimelala palepale zilipoachwa. Nenda na mtembezaji, na uende mapema maana jua la mchana mle korongoni ni kali.

Kutoka hapo Mafinga na misitu yake ya misonobari, Makambako unaiacha barabara ya Mbeya unakata kushoto, Njombe baridi, kahawia ya mashamba ya viazi na kijani ya parachichi, tukala tukalala na mablanketi mawili. Lukumburu kuna mteremko na kona nyingi kabla hujaingia Ruvuma, mandhari yake haina tofauti na Kitonga ila hakuna msongamano, na sijui kwanini haisifiwi.

Songea ndo lile swali la mke wangu lilipojibiwa. Makumbusho ya Majimaji yako mjini hapohapo, na hapo ndo walipo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 kwa siku moja, machifu na manduna (viongozi wa vita) wa Wangoni, wakazikwa kaburi moja. Kuna sanamu zao, kuna majina, na Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake ana kaburi lake pembeni. Kila mwaka tarehe hiyo wanakumbukwa. Mke wangu amezaliwa mkoa huo, amepita hapo akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini safari hii alisoma jina moja moja kwa sauti. Mtembezaji akatueleza vita vilianza mbali sana na hapo, Julai 1905 huko Nandete kwenye milima ya Matumbi upande wa Kilwa, dawa ya maji ikaenea kwa miguu mpaka ikafika Ungoni. Tukaangaliana. Kilwa ilikuwa kwenye njia yetu ya kurudi. Basi tukakubaliana hatuendi Kilwa kwa ajili ya bahari tu, tunarudi na njia ilikotokea ile vita.

Mbinga kwa wazee sitasimulia yote, nitasema tu ngoro. Milima ya Umatengo imesimama wima, mtu wa tambarare utasema hapa hakulimwi, lakini Wamatengo wanakata majani wanayapanga miraba miraba, wanafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, yanabaki mashimo yanayodaka maji ya mvua, udongo hauteremki. Kwa mbali mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Mama mkwe alinipeleka shambani kwake akaniambia, "Mwanangu, mlima huu ulilimwa na bibi yangu, na udongo wake haujahama." Yaani hapo ndo ilibidi nizime gari nishuke nitembee.

Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay siku hizi ni lami, kama kilomita 66, na kuna kona moja ukiikata ziwa linatokea lote chini yako, bluu mpaka unadhani ni bahari. Mchanga msafi, maji baridi matamu, jioni mbasa wa kuchoma na ugali. Juu ya ufukwe huohuo kaskazini iko Liuli, zamani Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu inatengenezwa, nahodha wake hana habari kwamba vita kuu imeanza. Vita ya Ulaya ikafika kwa wavuvi wa Nyasa kabla habari haijafika.

Kurudi, Songea mpaka Masasi ni ndefu na nyumba ni chache, jaza mafuta Songea na usingoje sheli ya mbele. Kati ya Namtumbo na Tunduru kuna mapito ya tembo wanaotembea kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, kwahiyo mwendo upungue. Tunduru ni madini ya vito na korosho, tukapita tu. Masasi mawe makubwa yamesimama juu ya mji, na Lupaso, alipozaliwa na kuzikwa Mzee Mkapa, ni huko huko. Lindi tulilala, tukala pweza, na nikawasimulia watoto habari za Tendaguru, mlima ulioko ndani ya mkoa huo ambako kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, ilichimbwa, ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, na leo mmoja wao amesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13. Fuvu la Mkwawa lilirudi, huyu bado yuko huko.

Kilwa Kisiwani ndo palipotufunga mdomo wote. Kibali unachukua Kilwa Masoko, unavuka kwa boti, na ngome ya Gereza inakupokea ukiwa bado majini. Msikiti Mkuu na nguzo zake na kuba zake za mawe ya matumbawe, halafu Husuni Kubwa juu ya mwamba na lile birika lake la pembe nane, kasri la karne ya 14 wakati dhahabu ya Sofala inapita mikononi mwa masultani wa hapa. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Tangu 1981 ni urithi wa dunia, na siku tuliyokwenda tulikuwa peke yetu na mbuzi wa wanakijiji. Inaniuma, maana kutoka Dar ni mwendo wa asubuhi mpaka mchana tu.

Nandete yenyewe iko ndani milimani na gari yetu ni ya chini hatukuthubutu, ila ukitoka Kilwa kuelekea Rufiji unapita jirani na Mohoro, alikonyongwa Kinjekitile, yule mganga wa dawa ya maji, Agosti 1905, na hapo tulisimama pembeni ya barabara watoto wakaelezwa. Mbele kidogo daraja la Mkapa, mita 970 juu ya Rufiji.

Anayetaka kuifuata hii njia aende Juni mpaka Oktoba. Masika upande wa Somanga sio wa kuamini, 2024 mvua zilikata barabara na magari yakakwama pande zote mbili. Na usiku wa mwisho lala Kilwa Masoko, sio Lindi, ili uvuke kisiwani asubuhi upepo haujakaza, saa sita uwe umerudi kwenye gari, Rufiji unaivuka jua likiwa bado juu na Mbagala unaingia kabla foleni za usiku hazijakolea.