Siku moja ya mwongoza wageni Kamakura: vituo vinne, miguu mizima

Saa 12:00 asubuhi

Kabla ya chai, simu inafunguliwa kwa mambo matatu: mvua, upepo, treni. Mvua peke yake haivunji safari. Mahekalu ya Kamakura, mji wa kale wa Japani kusini mwa Tokyo, yanapendeza yakilowa, na umati unapungua. Wa kuogopa ni upepo. Bahari ikichafuka, wavuvi wa Ghuba ya Sagami hawatoki, na dagaa wabichi wanaosifiwa na kila mgahawa mjini hawatakuwepo mchana. Afadhali wageni walijue hilo asubuhi kuliko kuambiwa wakiwa wameshakaa mezani. Treni za njia ya Yokosuka nazo zikichelewa, kundi linapanda za njia ya Tokaido hadi kituo cha Ofuna, linabadilisha, na kituo kinachofuata ndicho Kita-Kamakura, tunakoshukia.

Mkobani mna sarafu nyingi za yeni 100 na 500, kwa sababu mlangoni mwa hekalu si mahali pa kutegemea kadi wala pa kuomba chenji ya noti ya 10,000. Mna plasta za malengelenge, mifuko ya plastiki (mapipa ya taka barabarani ni machache mno, kila mtu hurudi na taka zake), jozi mbili za soksi, mkeka mwepesi wa kuswalia, na kichupa cha sosi ya soya isiyo na kileo. Soksi ni za yule ambaye hakosekani, anayekuja na ndala ilhali kuna ukumbi wa kuvua viatu na sakafu ya mbao ya Novemba ina baridi ya kuuma.

Saa 2:30

Tunakutana kituo cha Tokyo, upande wa Marunouchi, chini ya kuba la kusini. Hatukutani jukwaani. Majukwaa ya Yokosuka yako ghorofa ya tano chini ya ardhi, na mgeni anayeshuka kutoka Shinkansen, treni ya kasi, akidhani ni hatua chache atatembea dakika kumi akipanda na kushuka ngazi za umeme, na treni imeshaondoka.

Leo ni watu sita: wanafunzi wawili, na wengine ni wafanyabiashara walioko Yokohama kwa shughuli ya magari ya mtumba yanayopelekwa Dar es Salaam na Mombasa. Hao wa Yokohama hawaji Tokyo. Wanapandia kwao, treni ileile. Kila mmoja ameshaandikiwa namba ya behewa: la 8. Nayakwepa la 4 na la 5, mabehewa ya ghorofa yenye viti vya kulipia zaidi. Mgeni huona kiti kizuri kitupu, anakaa, anafikiwa na mkaguzi, na tiketi ya kununulia ndani ina bei kubwa kuliko ya jukwaani.

Zaidi ya watu wanane sichukui. Mgahawa wa Kamakura una viti kumi au ishirini, na njia za miguu ni za mtu mmoja.

Saa 3:00

Safari ni chini kidogo ya saa nzima. Mwongozaji mwenye pupa humaliza historia yote ndani ya treni, wakishuka wageni wamechoka masikio. Mimi natoa ramani tu: mji uko kwenye bakuli, milima pande tatu, bahari kusini. Ndiyo sababu Minamoto no Yoritomo aliuchagua mwaka 1180 kuwa ngome yake, na ndiyo sababu njia za kuingilia ilibidi zichongwe kwenye miamba. Serikali ya kwanza ya mashogun, watawala wa kijeshi, ilikaa hapa hadi 1333. Mengine yatasemwa kila moja mahali pake.

Wanafunzi huuliza kama kazi hii ina leseni. Ipo ya taifa, na mtihani wake si mchezo, lakini tangu Januari 2018 sheria ya Japani inamruhusu yeyote kuongoza watalii kwa malipo. Asiye na leseni haruhusiwi kujiita mwenye leseni, basi.

Saa 4:00, Engaku-ji

Tunashuka Kita-Kamakura, kituo kimoja kabla ya Kamakura penyewe. Wengi huenda moja kwa moja mjini kisha wakapanda kurudi huku, wakikutana na umati uso kwa uso. Sisi tunaanzia juu tunateremka kuelekea baharini.

Reli imekata uwanja wa hekalu la Engaku-ji. Bwawa la mbele liko upande mmoja, lango upande wa pili, na kengele za treni zinalia katikati ya miti mikubwa. Njia hii ilifunguliwa 1889 kuhudumia kituo cha wanamaji cha Yokosuka, na hekalu halikuwa na la kusema.

Kiingilio ni yeni 500. Hojo Tokimune, mtawala aliyeyakabili mashambulizi ya Wamongolia ya 1274 na 1281, ndiye aliyelijenga mwaka 1282 ili waliokufa vitani waombewe, wa kwake na wa adui. Hapo nanyamaza kidogo, maana wageni wenyewe huwa na maswali. Lango kubwa la mbao wanalopita chini yake si la enzi hizo. Ni la 1785. Moto na matetemeko vimekula karibu kila kitu mjini, likiwemo tetemeko la 1923, kwa hiyo ukiambiwa "hekalu la karne ya 13" uliza ni kipi hasa cha karne hiyo. Kengele ya 1301 ni ya kweli. Iko juu ya ngazi zaidi ya mia, na pembeni pana kibanda cha chai. Mwenye magoti mabovu anabaki bondeni kwenye benchi la bustani na hakosi kitu cha lazima.

Choo ni hapa, kabla ya kutoka. Nasema kwa sauti, mara mbili.

Saa 5:00, barabarani

Kilomita moja na kidogo hadi Kencho-ji, dakika 15 kwa mwendo wa wageni. Njia ya miguu ni nyembamba na magari yanapita karibu, kwa hiyo tunakwenda mstari mmoja, mimi nikiwa nyuma. Wa nyuma ndiye anayesimama kupiga picha na kuachwa. Wa mbele hapotei, barabara ni moja.

Kushoto na kulia yapo mahekalu mengine mazuri tunayoyapita bila kuingia, na hapo ndipo ubishi hutokea. "Sasa tumefika mpaka hapa, tusione?" Hapana, mama, tusione. Mtu akiona mahekalu saba kwa siku, jioni yote yanakuwa paa moja kubwa lenye moshi wa ubani.

Saa 5:20, Kencho-ji

Yeni 500 tena. Hili ni la 1253, la kwanza kwa cheo kati ya mahekalu matano makuu ya Zen, madhehebu ya Kibuddha, ya Kamakura, na mwanzilishi wake, Rankei Doryu, alitoka China. Kitu cha kutazama kwa karibu ni miti ya mreteni mbele ya ukumbi wa Buddha. Inasemekana mbegu zililetwa na Rankei mwenyewe. Shina limejisokota kama kamba ya jahazi, gome linavulika vipande virefu, na matawi mengine yameegeshwa kwenye nguzo. Mpe mgeni dakika tano hapo bila kumwambia neno.

Kwenye ukumbi wa nyuma viatu vinavuliwa. Utaratibu: unasimama chini ukiwa na viatu, unavua, unakanyaga mbao kwa soksi moja kwa moja, unavibeba au kuvipanga rafuni. Anayevua kisha akakanyaga chini kwa soksi ndipo apande amebeba uchafu ule ambao desturi nzima imewekwa kuuzuia. Nyuma kuna veranda inayotazama bustani na bwawa. Tunakaa.

Juu zaidi kuna hekalu dogo lenye mandhari ya bahari, kwa ngazi zipatazo 250. Hatupandi.

Saa 6:15, Tsurugaoka Hachimangu

Barabara inapanda kidogo, kisha inateremka hadi kwenye hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, na hapa adabu zinabadilika. Kwenye birika la maji: shika kata kwa mkono wa kulia, osha wa kushoto; badilisha, osha wa kulia; rudisha kata kulia, mimina maji kiganja cha kushoto, sukutua, tema pembeni; osha tena kushoto; simamisha kata ili maji yaliyobaki yaoshe mpini. Kata moja ya maji inatosha yote. Mdomo hauwekwi kwenye kata.

Mbele ya ukumbi wa Kishinto watu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama mara moja. Kwenye mahekalu ya Kibuddha hakuna makofi. Viganja vinakutanishwa kimya. Kosa la kawaida ni kupiga makofi mbele ya Buddha. Mgeni Mwislamu au Mkristo asiyetaka kushiriki anasimama pembeni, na hakuna atakayemkodolea macho.

Ngazi kuu ni 61. Kushoto kwake palikuwa na mti mkubwa wa ginko ulioangushwa na upepo mkali alfajiri ya Machi 10, 2010. Kisiki kilichipua, na sehemu ya shina ilipandwa upya kando yake. Masimulizi husema muuaji wa shogun wa tatu, Sanetomo, alijificha nyuma ya mti huo mwaka 1219. Mauaji ni historia. Kujificha ni simulizi, na nawaambia hivyohivyo.

Novemba ni mwezi wa watoto wa miaka mitatu, mitano na saba kuletwa hapa wakiwa wamevalishwa kimono. Usiwapige picha bila kumwomba mzazi.

Saa 7:00, chakula

Meza imewekwa siku kadhaa kabla, na niliomba chumba cha mikeka. Novemba Adhuhuri huingia yapata saa tano na nusu na Alasiri baada ya saa nane kidogo, kwa hiyo nafasi ya kuswali ni sasa, kabla sahani hazijaletwa. Kibla ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini.

Dagaa wachanga huliwa juu ya wali, wabichi au waliochemshwa. Kuvua kumefungwa kuanzia Januari 1 hadi Machi 10, na katika miezi hiyo hakuna wabichi. Ninawashauri wageni wetu waanze na waliochemshwa. Ladha wanaijua, ila hawa ni laini na hawana uchungu. Tatizo liko kwenye viungo: sosi ya soya ya kawaida huweza kuwa na kileo, na mirin, kiungo kitamu cha kupikia, ni kileo hasa, hata kwenye mchuzi wa mboga usio na nyama. Swali "kuna nguruwe?" halitoshi. Uliza mirin na sake, pombe ya mchele, kwa majina. Tambi za soba nazo zinatokana na ngano nyeusi (buckwheat), na kuna watu mwili unazikataa vibaya sana, kwa hiyo swali la mzio nauliza wakati wa kuweka nafasi.

Baadaye wanapita mtaa wa maduka wa Komachi. Mji una kanuni tangu 2019 ya kuwaomba watu wasile huku wakitembea. Hakuna faini, lakini kula ukiwa umesimama mbele ya duka ulikonunua.

Saa 8:30, treni ndogo

Enoden hupita kila dakika 14, na Hase ni kituo cha tatu, yeni 200. Jumamosi foleni hutoka nje ya kituo. Siku hiyo ni bora kutembea, nusu saa hivi, kuliko kusimama muda uleule.

Kwenye ua wa hekalu la Kotoku-in (yeni 300) Buddha wa shaba amekaa nje bila paa, mita 11.3 bila msingi wake, tani zipatazo 121. Kazi ya kummimina ilianza 1252. Jengo lililomfunika liliharibiwa na dhoruba za karne ya 14, na huelezwa kuwa mawimbi ya tsunami ya 1498 yalilimaliza. Lipa yeni 50 zaidi uingie tumboni mwake. Ndani unaona mistari ya maungio, shaba ilipomiminwa tabaka juu ya tabaka, na shingoni kiraka cha plastiki ngumu kilichowekwa miaka ya 1960 kumwimarisha. Sehemu hiyo hufungwa saa kumi na nusu, na ngazi zake ni nyembamba.

Saa 9:45

Wenye nguvu wanakwenda hekalu la Hase-dera (yeni 400) kuona sanamu ya mbao ya mita 9.18 ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, ambayo haipigwi picha. Wengine tunashuka ufukwe wa Yuigahama.

Chakula hakitolewi mkobani ufukweni. Mwewe wanazunguka juu, na hushuka kutokea nyuma, kimya, kama wanavyochukua vifaranga kwetu. Kucha zake zinakwangua mkono, wala hana nia na wewe, anataka andazi. Ukiwa lazima ule, kaa mgongo ukutani.

Jambo la pili: tetemeko likitikisa ukiwa hapa, usingoje king'ora. Mawimbi ya 1923 yaliufikia mwambao huu. Panda juu kufuata vibao vya kukimbilia. Nawaonyesha kibao cha kwanza kabla hatujakanyaga mchanga. Jua linazama kama saa kumi na dakika 35.

Saa 11:15

Tunarudi Kamakura, kisha Yokosuka kuelekea Tokyo. Jioni ya siku ya kazi viti vinapatikana. Wa Yokohama wanashuka kwao.

Hesabu ya mtu mmoja, bila chakula: viingilio na treni zote kiasi cha yeni 4,000. Risiti napiga picha treni ikienda. Kama kuna mwavuli uliosahaulika, naandika saa ya treni, namba ya behewa na upande wa kiti palepale, kwa sababu ofisi ya vitu vilivyopotea itauliza hayo matatu kabla ya kuuliza rangi yake.