Dola 50 za Chama: Kutoka Tron Hadi Arbitrum

Mteja wangu wa Machi 2025 alilipa siku aliyoahidi, jambo ambalo kwa sisi tunaoandika manukuu ya video ni la kupigiwa vigelegele. USDT 214, yaani sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kupitia mtandao wa Tron. Ziliingia kwenye pochi ya simu nikiwa foleni ya feri Likoni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Feri haijagusa upande wa kisiwani nilishanuna: pesa ninazo, kuzitoa siwezi.

USDT iliyo Tron nauli yake hailipwi kwa USDT. Inalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe, na TRX mimi nilikuwa sina hata moja. Ni kama lori lililojaa mchele na tanki halina dizeli. Siku zile safari moja ilikuwa inachoma TRX 13 na ushei, na kama anwani unayopelekea haijawahi kushika USDT, inachoma maradufu. Mtandao haujali unabeba nini: wa dola 5 na wa dola 50,000 nauli yao ni moja. Kwa hiyo ule ushauri wa kila mtu, tuma kidogo kwanza ujaribu, kwa mtu wa kipato changu maana yake ni kulipa nauli mara mbili. Bado naufuata, ila kwa kinyongo.

Rafiki mmoja akaniuzia TRX 30 kwa shilingi 1,000 za M-Pesa. Alijiwekea cha juu, na simlaumu.

Sasa, kwa nini nisingeuza tu USDT nikala shilingi zangu? Kwa sababu ya chama. Tuko watano, wanne hapa Mombasa na binamu yangu aliye Muscat, na kila mwezi kila mtu anaweka dola 50 kwa ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum. Akiba hiyo inakaa Arbitrum, mtandao unaoegemea Ethereum lakini nauli yake ni senti tu. Pochi ni ya pamoja: hela haitoki bila saini tatu kati ya tano. Tulijiona wajanja sana siku ya kuifungua. Hakuna aliyeuliza: na wewe unayelipwa Tron, utafikaje?

Mara ya kwanza nilipitia tovuti moja ya kubadilisha papo hapo. Unabandika anwani ya kupokelea, wanakupa ya kwao inayoanza na T, unatuma USDT, wao wanatoa ETH upande wa pili. Sikujua kwamba kila oda inatengenezewa anwani mpya kabisa. Mpya maana yake haijawahi kushika USDT. TRX 27 zikateketea hapo hapo, karibu dola 6 kusafirisha dola 50. Halafu oda ikakwama. Wakataka picha ya kitambulisho na maelezo ya pesa ilikotoka, baada ya kuwa wameshaipokea, si kabla. Siku mbili nawatumia barua pepe kama mtu aliyepoteza mzigo bandarini. ETH ilipofika nikaipigia hesabu: dola 46 na kidogo. Bei waliyonionyesha mwanzo ilikuwa ile inayoelea, na kwa siku mbili ilikuwa imeelea kweli.

Mwekahazina wetu akasema nitumie daraja, yaani huduma ya kuvusha sarafu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Madaraja yako ya namna mbili tatu, nami nitasema la zamani, kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Unamwacha mbuzi wako ng'ambo hii, mlinzi anamfungia zizini, ng'ambo ya pili unapewa karatasi iliyoandikwa "mbuzi mmoja". Huko unanunua na kuuza kwa karatasi, na kila mtu anaikubali madhali mbuzi yuko zizini. Februari 2022, kwenye daraja la Wormhole, mtu alighushi idhini za walinzi akaandikiwa karatasi za ETH 120,000 upande wa mtandao wa Solana bila kuleta hata mkia wa mbuzi, kisha akatumia karatasi zile kuwatoa mbuzi wa wenzake. Zaidi ya dola milioni 300. Jump Crypto, waliokuwa nyuma ya mradi, walilijaza zizi upya kwa mfuko wao. Yapo madaraja ya aina nyingine, kama la kampuni ya Circle kwa USDC, sarafu yao ya dola, ambapo sarafu inachomwa huku na kuzaliwa upya kule, hakuna zizi la kuvunjwa. Ila mimi nina USDT, na ya Tron. Nikamwambia mwekahazina, ndugu yangu, hapana.

Naye hakuwa na la kujivunia. Mwezi uliofuata alituma mchango wake kwenye anwani sahihi kabisa, herufi kwa herufi, lakini kupitia Base, mtandao mwingine unaoegemea Ethereum, badala ya Arbitrum. Mitandao hii ya ukoo wa Ethereum anwani zake zote zinaanza na 0x, kwa hiyo simu haikulalamika. Pochi ya mtu mmoja ingekuwa jambo dogo, maana ufunguo ule ule unafungua mitandao yote. Lakini pochi ya saini nyingi ni programu inayojengwa kwenye kila mtandao peke yake, na sisi Base hatukuwa tumejenga kitu. Pesa ilikuwa imekaa mbele ya mlango usiokuwapo. Jumamosi nzima ilituishia nyumbani kwake, mkewe akituletea chai na kutuuliza kama ndiyo kazi hiyo, hadi tukafanikiwa kuijenga pochi ile ile kwa vipimo vile vile vya mwanzo ili anwani ilingane. Tulijifariji kwamba Wintermute, kampuni kubwa ya biashara ya kripto, mwaka 2022 ilitumiwa sarafu milioni 20 za Optimism, mtandao mwingine wa ukoo huo, kwenye anwani ya namna hiyo hiyo. Mtu baki akawahi kuijenga pochi kabla yao. Nyingi alizirudisha, lakini fikiria usingizi wa siku zile.

Siku hizi nafanya hivi. Namwomba mteja alipe moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya soko la kripto, anwani ya Tron, nauli iwe juu yake. Mle ndani nanunua ETH ya dola 50, naitoa kwa kuchagua Arbitrum, na jina la mtandao nalisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza. Zilizobaki nauza kwa shilingi siku hiyo hiyo. Silazi pesa sokoni. Novemba 2022 walioziacha FTX, soko la kripto lililofilisika, waliamka zikiwa zimefungiwa humo.

Mwezi uliopita kwa dola 50 zilizotoka zilifika 49 na senti 60. Nikatupia picha ya skrini kwenye kundi letu. Binamu akajibu kutoka Muscat kwamba kwa pesa hizo hizo yeye angeshanunua gramu ya dhahabu. Nilimwambia angalie bei ya dhahabu kwanza ndipo azungumze. Hajajibu hadi leo.