Tokyo hadi Los Angeles: umbali mmoja, saa mbili tofauti

Mdogo wangu anaishi Los Angeles, na mimi wakati ule nilikuwa Tokyo kimasomo. Safari ya kwanza kwenda kumwona nilimwandikia hivi: ndege inaondoka Jumatano saa 11 jioni, njiani ni saa 10, kwa hiyo unitegemee Alhamisi. Kwa saa ya Tokyo nilikuwa sahihi. Lakini nilitua Jumatano ileile, saa 5 asubuhi, kwa sababu katikati ya Pasifiki tulivuka Mstari wa Kimataifa wa Tarehe, ambao ukiuvuka kuelekea mashariki unarudi nyuma siku moja, na majira ya kiangazi Los Angeles iko nyuma ya Tokyo kwa saa 16. Nikakaa juu ya sanduku langu mpaka alipotoka kazini.

Jioni hiyo binti yake wa miaka minane alileta tufe la dunia na uzi. Tuliushikilia uzi kwenye miji yote miwili, tukaukaza. Haukufuata njia iliyonyooka tuliyokuwa tukiiona kwenye ramani ya ukutani. Ulipanda kaskazini, ukapita chini kidogo ya visiwa vya Aleutian. Njia hiyo ya uzi ni takriban kilomita 8,800. Ukishikilia latitudo ya 35, karibu na ilipo miji yote miwili, unaongeza karibu kilomita 500. Mtoto aliupima uzi mara tatu ndipo akakubali.

Umbali, basi, una jibu. Muda ndio ulionisumbua, maana tiketi ya kurudi iliandikwa kuwa njiani ni saa 11 na nusu. Ndege ya aina ileile, miji ileile!

Ni upepo. Juu huko, kilomita kama 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine hupita kilomita 300 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Matokeo yake aliyaandika kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya kimataifa, ili dunia nzima iyasome, na wachache sana waliyasoma. Mimi hilo linaniuma hadi leo.

Wakati wa kwenda, kioo kilichokuwa mbele ya kiti changu kilionyesha kilomita 1,050 kwa saa. Kurudi, 790. Injini hazikuwa zimechoka. Kasi ya ndege ndani ya hewa ilikuwa karibu ileile, ila hewa yenyewe ilikuwa inatusukuma nyuma. Ndiyo maana marubani wanaokwenda mashariki huutafuta mkondo huo hata kama njia itarefuka, na wanaokwenda magharibi huukwepa.

Niliondoka Jumamosi saa 7 mchana, nikafika Tokyo Jumapili saa 10 na nusu jioni. Siku hizi nikimwandikia mdogo wangu, namtajia siku na saa za kwake tu.